NENO MOJA, MAANA NYINGI: "STOCK" KATIKA KAZI YA KATIBU WA CHAMA

Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama wanachama katika semina ya utunzaji wa hesabu, Rhotia, Wilaya ya Karatu

Nilipoalikwa kuja Rhotia niliombwa nizungumze juu ya utunzaji wa daftari la ghala. Nitafanya hivyo, lakini nitaingia kwa mlango ambao pengine hamkuutazamia. Nataka tuanze na neno moja fupi la Kiingereza, lenye herufi tano tu, ambalo kila katibu aliyemo katika ukumbi huu amekwisha kukutana nalo katika fomu, katika barua ya benki, au katika taarifa ya mkaguzi. Neno hilo ni "stock".

Wengi wetu tumekwisha kulipa uraia katika Kiswahili. Twasema, "Stoki imekwisha," na mwenzetu wa dukani hutuelewa. Lakini neno hili si jepesi kama linavyoonekana. Lina maana nyingi, na baadhi ya maana hizo zinapingana kabisa katika vitabu vya hesabu. Asiyezitenganisha aweza kukitia chama chake katika matata makubwa. Nalisema hili kwa kuwa nimewahi kulitenda kosa hilo mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa katibu kijana wa chama kimoja cha wakulima ambacho sitakitaja jina. Wanachama wetu walilima mahindi na mbaazi, kama ilivyo desturi ya nyanda hizi za juu. Baada ya mavuno tulipeleka maombi ya mkopo wa pembejeo kwa mkopeshaji mmoja, naye akatuletea fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Katika fomu ile mlikuwa na mstari uliosema "stock", na chini yake mstari mwingine uliosema "share capital".

Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia katika redio habari za Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza kuuza hisa mwaka 1998. Nilijua ya kuwa kwa Kiingereza soko hilo huitwa "stock exchange". Basi nikajiambia: maadamu "stock exchange" ni soko la hisa, "stock" haiwezi kuwa kitu kingine ila hisa. Nikaandika katika mstari ule jumla ya hisa zote za wanachama. Mstari wa pili ulinisumbua kidogo, lakini nikaona neno "capital", nikakumbuka kuwa ni mtaji, nikaandika fedha tulizokuwa nazo benki. Mwenyekiti akatia sahihi, muhuri ukagongwa, nami nikarudi nyumbani nikijiona msomi.

Mkopeshaji aliposoma fomu ile alielewa kile ambacho mtu yeyote wa biashara angekielewa: kwamba ghala letu lina mazao yenye thamani ya fedha zile. Mwezi Desemba wakaja maofisa wake kuhakiki. Walifungua ghala, wakakuta magunia machache ya mbaazi yaliyokuwa yakingoja mnunuzi, maturubai, mizani na panya. Wakaandika katika taarifa yao kuwa kuna upungufu mkubwa wa bidhaa.

Ndugu zangu, mnajua habari kama hiyo inavyosafiri. Haikufika jioni kabla kijiji kizima hakijaambiwa ya kuwa katibu na mtunza ghala wameuza mbaazi za watu usiku. Wanachama waliokuwa wakinisalimu kwa furaha wakawa wananipita njiani kana kwamba ni nguzo ya uzio. Mkutano Mkuu wa dharura ukaitishwa. Jinsi mkutano huo ulivyokwisha nitawaeleza baadaye, kwa sababu yapo mambo ya neno lenyewe ambayo yafaa tuyajue kwanza.

MANENO YANAYOFANANA NA MANENO YENYE MATAWI

Msidhani kuwa ni Kiingereza peke yake kilicho na tabia hii. Kiswahili chetu kina neno "kaa". Kaa ni mnyama wa pwani mwenye magando. Kaa ni la moto. Kaa ni kuketi. Kina neno "paa": paa la nyumba, paa wa porini, na kupaa angani. Hayo ni maneno mbalimbali ambayo yamekutana katika sauti moja, kama watu wawili wasio ndugu wanaoitwa kwa jina moja. Hapana haja ya kutafuta udugu kati ya kaa wa pwani na kaa la moto.

Lakini yako maneno ya namna nyingine, ambayo ni neno moja lililoota matawi. Tazameni neno "shina". Tuna shina la mti. Tuna shina la chama cha siasa, ambalo balozi wake tunamjua sote. Wataalamu wa sarufi wana shina la neno. Maana hizi zote zimetoka katika mti mmoja, na mwenye kuutazama mti ataona jinsi kila moja ilivyochipuka.

Kiingereza kina maneno mengi ya namna hii ya pili, na aghalabu ni yale yaliyo mafupi. Kamusi yao kubwa, Oxford English Dictionary, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ilitumia nafasi kubwa kuliko zote kueleza neno lenye herufi tatu tu, nalo ni "set". "Stock" halifikii wingi huo, lakini kwa kazi yetu ya ushirika hakuna neno linalotupasa kuliangalia zaidi ya hili.

MTI NA MATAWI YAKE

Katika Kiingereza cha kale "stock" lilikuwa gogo, au shina la mti, au kisiki. Wazee wetu waliofungua mashamba katika nchi hii ya Karatu wanajua kisiki ni nini. Kisiki ndicho kilichovunja majembe na kusimamisha plau. Basi chukueni kisiki hicho, tukizungukie, tuone kilivyochipua.

Tawi la kwanza ni la vitu vilivyotengenezwa kwa gogo. Sehemu ya mti ya bunduki, ile ambayo mpigaji huiegemeza begani na ambayo sisi twaiita kitako, wao huiita "stock". Mkatale, yaani magogo mawili yenye matundu yaliyobana miguu ya mfungwa hadharani, kwao ni "stocks". Na mtu aliyechekwa na kila apitaye aliitwa "laughing stock". Kwetu huyo ni kichekesho cha watu.

Tawi la pili ni la uzazi. Shina hubeba matawi, na babu hubeba ukoo. Kwa hiyo Mwingereza husema mtu ametoka katika "stock" fulani, yaani nasaba au ukoo. Sisi pia twasema shina la ukoo. Wakulima wa kahawa wanalijua tawi hili kwa njia nyingine: tunapobebesha mche, ule mche wa chini wenye mizizi unaopokea kikonyo cha aina bora, kwa Kiingereza huitwa "stock" au "rootstock". Juu huzaa kilicho bora, lakini kinachoshika ardhi na kunyonya maji ni shina la chini.

Tawi la tatu ni la akiba. Kama shina lilivyo msingi ambao matawi hukua na kukatwa na kukua tena, ndivyo ilivyo mali ambayo mtu hutoa na kuongeza, wala haimaliziki mara moja. Hapo ndipo zilipotoka maana za bidhaa zilizomo ghalani au dukani, na mtaji wa mfanyabiashara. Hata mpishi wa hoteli zilizo kando ya barabara yetu hii ya kwenda Ngorongoro, anapochemsha mifupa apate mchuzi wa kutumia katika vyakula vingi, huuita mchuzi huo "stock". Nao ni akiba.

Tawi la nne latuhusu sana sisi wa Karatu na jirani zetu wa Ngorongoro. Mifugo kwa Kiingereza ni "livestock", yaani akiba iliyo hai, na mara nyingi hukatwa likabaki "stock" peke yake. Hili si jambo la ajabu. Neno lao "capital", yaani mtaji, na neno "cattle", yaani ng'ombe, yana asili moja katika Kilatini. Wafugaji wa kila nchi wamejua kuwa ng'ombe ndiye benki ya kwanza. Wairaqw, Wamaasai na Wabarbaig hawakuhitaji kufundishwa hilo. Desturi ya Wairaqw ya kuweka ng'ombe kwa ndugu na rafiki walio mbali, mtunzaji akanywa maziwa na mwenyewe akabaki na mnyama, ni elimu ya akiba iliyo kamili: ugonjwa ukiingia katika boma moja, hauimalizi mali yote.

Lakini angalieni jinsi neno linavyoweza kumdhuru mtu asiyekuwamo katika lugha yake. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na miaka ya 1950, nchi hii ilipokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, Serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa maendeleo ulioambatana na kupunguza idadi ya mifugo ili kuokoa ardhi na malisho. Jambo hilo kwa Kiingereza huitwa "destocking". Katika karatasi ya ofisini ni neno moja safi, kama mtu anayepunguza bidhaa zilizozidi katika rafu. Kwa mwenye boma ilikuwa ni kuondolewa akiba, mahari na heshima. Sisemi hapa kama ardhi ilihitaji kupumzika au haikuhitaji; nasema kwamba aliyesoma neno na aliyetoa ng'ombe hawakuwa wakizungumza juu ya kitu kimoja.

Tawi la tano ni la hisa, ambalo ndilo lililonikwaza mimi. Nalo nitalieleza kwa kituo.

HISA NA BIDHAA

Mnaijua habari ya waasisi wa Rochdale, mji mmoja wa viwanda vya nguo katika Uingereza. Mwaka 1844 watu 28 walichanga pauni moja kila mmoja. Tarehe 21 Desemba ya mwaka huo wakafungua duka dogo lenye vitu vichache: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri mwitu, na mishumaa. Twaitaja habari hiyo kila mara katika semina za ushirika, lakini leo nataka tuitazame kwa jicho la mweka hesabu.

Zile pauni 28 zilikuwa nini? Kwa upande mmoja zilikuwa hisa, yaani haki ya wanachama ndani ya chama chao. Kwa upande mwingine, fedha zilipokwisha kutumiwa, zilikuwa ni siagi, sukari, unga na mishumaa juu ya rafu. Fedha ni ileile, imetazamwa mara mbili: mara ya kwanza tukiuliza imetoka kwa nani, mara ya pili tukiuliza iko wapi sasa. Ndiyo sababu Kiingereza kiliweza kutumia neno moja kwa vyote viwili. Lakini katika mizania vitu hivi viwili hukaa pande mbili zilizo mkabala. Bidhaa ni mali ya chama. Hisa ni kile ambacho chama kinawiwa na wanachama wake. Anayeandika hisa mahali pa bidhaa ameandika deni mahali pa mali. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Matata yanazidi kwa kuwa Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakubaliani. Mmarekani akisema "stock" katika mambo ya fedha, kwa kawaida ana maana ya hisa za kampuni, na bidhaa za ghalani huziita "inventory". Mwingereza akisema "stock" dukani ana maana ya bidhaa, na hisa huziita "shares". Kwa hiyo katibu anayepokea fomu hana budi kuuliza kwanza imeandikwa na nani.

Tena hisa ya soko la Dar es Salaam si ndugu pacha wa hisa ya chama chetu. Mwenye hisa elfu katika kampuni ana sauti elfu, naye aweza kuziuza kesho kwa mtu asiyemjua. Katika chama cha ushirika mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja wana kura moja kila mmoja. Huo ndio msingi wa ushirika tangu Rochdale, nao ndio msingi wa vyama vyetu chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Mwanachama anayedhani hisa yake ni gunia lake lililomo ghalani, na anayedhani ni bidhaa ya kuuza sokoni, wote wawili wamekosea, na kazi ya kuwaelimisha ni yetu.

KIJITI CHENYE NUSU MBILI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nililisoma miaka mingi baada ya kosa langu, nikatamani laiti ningalilijua mapema.

Katika Uingereza ya zamani, kabla karatasi haijawa kitu cha kawaida, Hazina ya Mfalme iliweka hesabu kwa vijiti. Mtu akileta fedha, karani alichukua kijiti akakikata alama. Kitabu kimoja kilichoandikwa katika miaka ya 1170 kinaeleza vipimo vya alama hizo: pauni 1,000 ilikatwa kwa upana wa kiganja, pauni 100 kwa upana wa kidole gumba, pauni 20 kwa upana wa kidole cha mwisho, na pauni 1 kwa unene wa punje ya shayiri iliyojaa. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, alama zikabaki katika nusu zote mbili. Nusu moja iliachwa ndefu zaidi, na nyingine fupi.

Nusu ndefu ndiyo iliyoitwa "stock", yaani shina. Nusu fupi iliitwa "foil", neno lenye asili ya Kilatini lenye maana ya jani. Je, nani alipewa shina na nani alibaki na jani? Shina alipewa yule aliyetoa fedha, mwenye haki ya kudai. Jani lilibaki kwa aliyepokea. Siku ya hesabu nusu mbili zilikutanishwa. Alama zikilingana, hapakuwa na maneno. Zisipolingana, mdanganyifu alijulikana papo hapo, kwa sababu hakuna awezaye kuongeza alama katika nusu moja ya kijiti ikatokea yenyewe katika nusu nyingine iliyo mfukoni mwa mwenzake.

Wako wanaosema kuwa maana ya "stock" kama hisa au fedha iliyokopeshwa ilitokana na kijiti hicho. Wengine wasema imetoka moja kwa moja katika lile wazo la shina lizaalo matawi. Sisi hatuna haja ya kuamua ugomvi wao. Vijiti vyenyewe viliendelea kutumika hadi mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 marundo ya vijiti vya zamani yalitiwa katika tanuru zilizokuwa chini ya nyumba ya Bunge la London ili yateketezwe, moto ukazidi, ukaunguza sehemu kubwa ya jumba lile. Twaweza kusema kuwa hesabu za kale zilikataa kuondoka kimyakimya.

Sasa rudini kwenye Kiswahili. Katika kitabu chetu cha stakabadhi, ile sehemu inayobaki kitabuni baada ya kuchana nakala ya mwanachama twaiitaje? Twaiita kishina. Lugha yetu nayo imeuona mti uleule, ingawa imeugeuza. Kwa Waingereza wa kale shina lilikwenda na mwenye haki na jani likabaki ofisini. Kwetu sisi kishina kinabaki ofisini na jani ndilo linalokwenda na mwanachama, likakunjwa, likatiwa katika mkebe au chini ya godoro. Lakini kanuni ni ileile: hesabu ya kweli ina nusu mbili, katika mikono ya watu wawili, na alama zake hazina budi kulingana.

Hata utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria mwaka 2005, umesimama juu ya kanuni hiyo. Mazao yako katika ghala. Hati iko mkononi mwa mwenye mazao. Na hati hiyo yaweza hata kumwezesha kupata mkopo kabla ya kuuza. Thamani yote ya hati imo katika jambo moja: kwamba kilichoandikwa juu yake ndicho kilichomo ghalani. Siku vikiachana, hati ni karatasi tu.

JINSI MKUTANO ULIVYOKWISHA

Basi nirudi kwenye mkutano wetu wa dharura. Maneno yalikuwa makali. Wengine walitaka polisi waitwe siku hiyohiyo. Nami nilipojaribu kueleza kuwa kosa lilikuwa la neno, si la magunia, nilichekwa. Nani angeamini kuwa mbaazi zimeliwa na neno la Kiingereza?

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee asiyejua Kiingereza hata kidogo, lakini alijua ushirika. Alisema maneno hayatatufikisha mahali. Kila mwanachama aende nyumbani alete stakabadhi zake zote za msimu ule, na vitabu vya chama vitolewe mezani mbele ya watu. Tukafanya kazi hiyo kwa siku mbili. Mjumbe mmoja alisoma stakabadhi ya mwanachama, mwingine akasoma kishina chake, wa tatu akaandika ubaoni. Magunia yaliyopokewa, yaliyouzwa na yaliyobaki yakajumlishwa hadharani. Jioni ya siku ya pili ikaonekana wazi ya kuwa ghala halikuwahi kuwa na mazao yenye thamani niliyoiandika, na kwamba hapakuwa na upungufu ule ulioandikwa katika taarifa. Nikapumua.

Lakini, ndugu zangu, haikulingana kila stakabadhi. Mama mmoja mjane alileta karatasi yake aliyoihifadhi ndani ya mkebe wa chumvi. Ilisema magunia 7. Kishina chake kilisema 4. Yale magunia 3 yaliyokosekana katika kishina hayakuwamo ghalani wala katika mauzo. Mpima mazao alipoulizwa alikiri kuwa mara nyingi alikuwa akiandika vishina jioni, kwa kukumbuka, baada ya watu kuondoka. Hatukuweza kujua zaidi ya hapo, lakini tulijua ya kutosha. Mkutano ukaamua chama kimlipe mama yule magunia yake 3 kwa bei ya siku ile, na mpima mazao akaacha kazi.

Tazameni jambo hilo. Kama si kosa langu la neno, vishina visingalitolewa mezani, na mama yule angalipoteza jasho lake bila mtu kujua. Sisemi hivyo ili kujisifu. Kosa halina sifa. Na hasara yake ilikuwapo. Ilipasa tuandike fomu upya, mkopo ukachelewa, mbegu na mbolea zikafika mvua za masika zikiwa zimekwisha kukolea. Wanachama wengi walipanda mbegu walizobakiza ghalani mwao, na mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba. Kila nilipopita kando ya mashamba yale yenye mahindi mafupi nilijua ni sahihi ya nani iliyokuwa katika fomu.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, nawaachia mambo machache ambayo yamenifaa tangu wakati ule.

Kwanza, mkikutana na neno "stock" katika fomu, msiliache bila kuliuliza maswali mawili: Je, ni kitu au ni haki? Je, kiko wapi? Kikiwa ni kitu na kiko ghalani au dukani, ni bidhaa. Andikeni kilichohesabiwa, si kinachodhaniwa. Kikiwa ni haki ya wanachama katika chama, ni hisa. Nambari yake imo katika rejesta ya wanachama, si ghalani. Kikiwa kina miguu minne, ni mifugo, na aghalabu si mali ya chama bali ya wanachama, hivyo hakina nafasi katika mizania yenu.

Pili, baada ya kujaza fomu ya Kiingereza, andikeni nakala yake kwa Kiswahili na kuisoma mbele ya Bodi kabla ya kutia sahihi. Mwenyekiti wetu yule mzee angalisikia kwa Kiswahili kuwa ghala lina mazao ya mamilioni, angalisimama mara moja kuuliza yako ghala gani. Sahihi katika lugha usiyoielewa ni muhuri juu ya gunia lililofungwa. Tuna haki ya kuomba fomu za Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sioni kwa nini kiwe kigeni katika fomu ya mkulima.

Tatu, kishina na stakabadhi viandikwe kwa wakati mmoja, mbele ya mwanachama, mazao yakiwa bado juu ya mizani. Kama kitabu hakina karatasi ya kaboni, mpima asome kwa sauti anachoandika pande zote mbili. Asiyejua kusoma aje na mtoto au jirani anayejua. Kishina kinachoandikwa jioni kwa kukumbuka si kishina, ni hadithi.

Nne, hesabu ya ghala ifanywe na watu wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa mwanachama asiye kiongozi, na si mwisho wa mwaka tu wakati mkaguzi wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika anapotazamiwa. Kuhesabu bidhaa Waingereza huita "to take stock", na msemo huohuo huutumia kwa mtu anayeketi kuyapima maisha yake. Chama nacho kinahitaji yote mawili: kuhesabu magunia, na kujiuliza kama bado kinawatumikia wale waliokianzisha.

Tano, na hili nawaambia ninyi Wanachama: tunzeni nusu yenu. Msiache stakabadhi zenu kwa katibu eti azihifadhi kwa usalama, hata akiwa ni shemeji yenu. Si kwa sababu makatibu ni wezi. Ni kwa sababu nusu mbili zikiwa katika mkono mmoja, haziwezi tena kushuhudiana. Mkebe wa chumvi wa mama yule ulifanya kazi ambayo kabati la chuma la ofisi yetu halikuifanya.

Ndugu Mwenyekiti, nimezungumza kwa muda mrefu juu ya neno la herufi tano. Tulianza na kisiki shambani, tukapita kwenye bunduki na mkatale, kwenye ukoo na kahawa, kwenye ng'ombe na hisa, tukarudi kwenye kishina katika kitabu cha stakabadhi. Mimi nililipotezea chama changu msimu mmoja wa mvua kwa kudhani kuwa neno nililolisikia redioni nimekwisha kulijua. Leo jioni makatibu watakaporudi katika vyama vyao, nawaomba wafungue kitabu cha stakabadhi cha msimu uliopita, wachague vishina kumi bila kuvichagulia, na kesho waende kwa wenye stakabadhi hizo wakavilinganishe. Kama vyote kumi vinalingana, semina hii imewapotezea siku moja tu. Kama kimoja hakilingani, yuko mtu anayeingoja haki yake.